Siku Bosi Alipopigwa Picha

Pale hospitalini, ukilalamika kwamba mtoto fulani hatulii, watakuuliza kama ameshapelekwa kwa Mama Tulia. Ukisema bado, basi hujasema kitu.

Mama Tulia alikuwa mkuu wa chumba cha siti skani, ile mashine kubwa yenye tundu la duara inayopiga picha za ndani ya mwili. Watu wazima hawakumpa tabu. Mtu mzima unamwambia azuie pumzi, anazuia, kazi imekwisha. Sifa zake zilitoka kwa watoto wachanga, ambao hawaambiliki. Mtoto akijinyonganyonga kidogo tu mashine inapozunguka, picha ya mishipa yake inatoka ukungu mtupu, na picha ya ukungu haimsaidii mtu. Kwingine wangempa dawa ya usingizi wakamaliza. Mama Tulia hakupenda kumlaza mtoto kwa dawa kama kuna njia nyingine, na njia nyingine alikuwa nayo. Mtoto aliachwa bila kunyonya mpaka njaa imuume sawasawa, akachezeshwachezeshwa asisinzie, kisha akapewa mama yake anyonye mpaka atosheke. Akishashiba alifungwa kwenye shuka iliyopashwa joto, mikono ndani, miguu ndani, akabaki pua na kope. Taa zikapunguzwa. Mama Tulia akainama karibu na kichwa chake, akaanza kuimba midomo imefungwa, wimbo wake uleule usio na maneno, na mtoto akalala fofofo.

Mwenyewe hakuwa mtu wa kuficha sifa zake. Aliwahi kumwambia daktari mgeni kwamba katika chumba kile hata mashine hutulia akiingia yeye, na hakutabasamu alipokuwa akisema.

Msaidizi wake alikuwa binti mmoja mwembamba waliyemwita Taratibu. Jina alilipata wiki ya kwanza ya kazi na likamganda, kwa sababu alikuwa anafanya kila kitu kana kwamba siku haina mwisho. Akivaa glovu, utadhani anazivisha za mtu mwingine. Akimpanga mgonjwa kitandani atarudi kumtazama, atasogeza mto, atarudi tena. Mama Tulia alimfundisha kila alichokijua na kumgombeza kwa kila alichokifanya. Nyumbani, akisimulia mambo ya kazini, alikuwa akisema kwamba kwa mwendo ule yule binti angeajiriwa makaburini, ambako wateja hawana haraka. Familia ilicheka sana kwa mzaha huo.

Sasa tuje kwa Bosi. Bosi alikuwa mjukuu wa kwanza wa Mama Tulia, mtoto wa binti yake wa pekee, na alikuwa na miezi mitano. Waliomwita hivyo hawakukosea: nyumba nzima ililala alipotaka yeye, ikaamka alipotaka yeye, na chakula kiliachwa mezani kikapoa kwa amri yake. Tatizo lilikuwa pumzi. Tangu azaliwe, Bosi alipumua kwa kelele, kama mtu anayeburuta kiti kwenye sakafu ya saruji. Zahanati wakasema mafua. Wengine wakasema pumu. Jirani akasema ni mnene tu, atapungua. Mama Tulia naye, ambaye kutwa alitazama vifua vya watoto wa watu, alimsikiliza mjukuu wake na kusema mafua, maana hakuna bibi anayependa kuona ugonjwa mkubwa ndani ya shuka aliyoinunua mwenyewe.

Kisha siku moja Bosi alipaliwa na maziwa, midomo ikawa ya bluu, na mama yake akampigia Mama Tulia simu huku akilia hata maneno hayasikiki. Siku hiyohiyo walikuwa kwa daktari wa moyo wa watoto. Daktari akampaka Bosi jeli kifuani, akapitisha kile kifaa cha altrasaundi, akapitisha tena, akarudia mara ya tatu bila kumtazama mama.

Aliwaeleza vizuri. Kila mtu ana mshipa mkuu unaotoka moyoni, aota, unaopanda juu kidogo, ukajikunja upande mmoja na kushuka chini kupeleka damu mwilini. Wa Bosi alihisi umegawanyika mara mbili. Tawi moja lilipita kulia, la pili kushoto, yakakutana nyuma, na katikati yakalibana koromeo la hewa na lile la chakula kama pete iliyoingia kidole kinene. Mtoto alikuwa anakabwa na mshipa wake mwenyewe.

Dawa yake ni kisu. Daktari wa upasuaji angekata lile tawi dogo, pete ikafunguka, damu ikaendelea kupita kwenye tawi kubwa. Lakini ilikuwa lazima ajue tawi dogo ni lipi, kwa sababu kama ni la kushoto angefungua kifua upande wa kushoto, na kama ni la kulia angefungua kulia. Altrasaundi haikuweza kumwambia kwa hakika. Alitaka picha ya siti skani, na aliitaka safi.

Hapo ndipo ngoma ilipokuwa nzito. Daktari wa usingizi alikataa kabisa kumlaza Bosi kwa dawa kwa ajili ya picha. Koo la mtoto lilikuwa limeshabanwa, akasema, na misuli ikilegea linaweza kujifunga lote. Yuko tayari kumlaza mara moja tu, siku ya upasuaji, mpasuaji akiwa amesimama pale na kisu chake. Kama picha ya usingizi wa kawaida itashindikana, basi watajadiliana upya, na kila aliyekuwa pale alielewa kujadiliana upya maana yake nini: ama kuhatarisha koo, ama kubahatisha upande. Wala si kwamba wangejaribu mara nyingi, kwani mionzi haifai kurudiwarudiwa kwa mtoto, na ile dawa inayong'arisha mishipa huchosha figo zake.

Wote wakamgeukia Mama Tulia. Mama Tulia akatazama ukutani.

Ukutani, juu ya swichi za taa za chumba cha skani, palibandikwa sheria ya chumba: hakuna mtu kumpiga picha ndugu yake. Aliyeitunga ni yeye. Aliitunga baada ya mwenzake mmoja kumpiga picha baba yake mzazi, akasahau hatua moja, na picha ikarudiwa. Alikuwa amewahi kumzuia muuguzi mkuu mwenyewe kwa sheria hiyo, na alimzuia kwa raha zake.

Alijaribu. Alikwenda ofisini kwa daktari wa mionzi, yule anayezisoma picha, akamwambia kwamba sheria zina mahali pake na watoto wa miezi mitano wana mahali pao. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akamjibu kwa upole kwamba sheria ni yake yeye mama, na kama kuna siku ambayo ilitungwa kwa ajili yake basi ni hii. Mama Tulia alitoka amenuna. Alinuna zaidi kwa kuwa alijua angemjibu mtu mwingine hivyohivyo.

Nyumbani binti yake alikuwa amembeba Bosi begani, anazunguka naye sebuleni. Mama Tulia akamweleza.

"Kwa hiyo si wewe," binti akasema.

"Si mimi."

"Ni nani?"

"Taratibu."

Binti akasimama. "Yule wa makaburini?"

Mama Tulia akanyoosha mikono ampokee Bosi. Mzaha wake ulikuwa umemrudia, na haukuchekesha hata kidogo.

Picha ilipangwa asubuhi. Mama Tulia alikuja amevaa nguo za nyumbani, kitenge na kilemba, sare ameiacha, ili kila mtu aone kwamba leo amekuja kama bibi. Mavazi yalikuwa ya bibi, lakini mdomo ulikuwa wa mkuu wa chumba. Hakuwa ameketi bado alipoanza kuuliza kama shuka zimepashwa joto, kama dawa ya kung'arisha imepimwa kwa uzito wa mtoto, kama kabati la dharura lina kila kitu. Taratibu alijibu sawa mama, ndiyo mama, tayari mama, na akaendelea na mambo yake kwa mwendo wake.

Kisha Mama Tulia akaona ile kanula, kale kabomba kadogo ka kupitishia dawa, imewekwa mguuni.

"Mguuni kwa nini?" aliuliza. "Mimi huweka mkononi."

"Ikipita mkononi, mama, dawa inang'aa sana karibu na palepale tunapotaka kupaona, inapaficha," alisema Taratibu. "Nimeona afadhali ije kwa chini."

Mama Tulia akautazama ule mguu. Maneno yale yalikuwa yake. Aliyasema mwenyewe, tena akigonga skrini kwa kalamu, mbele ya wanafunzi wengi, na Taratibu akiwa mmoja wao. Leo yalikuwa yamemtoka kichwani kana kwamba hakuwahi kuyajua. Akaketi kwenye kiti cha pembeni na kuanza kuelewa, kidogokidogo, kwa nini aliitunga ile sheria.

Bosi alikuwa na njaa na hakuificha. Kila akilia, kile kiti kilichokuwa kikiburutwa kifuani mwake kilizidi kuburutwa, na mbavu zilizama ndani. Taratibu alimwacha alie kidogo kuliko ambavyo Mama Tulia angemwacha, kisha akampa ishara mama yake anyonyeshe. Ila akamwomba anyonyeshe ziwa moja tu, la pili alitunze. Mama Tulia aliona ni ajabu, maana yeye humjaza mtoto mpaka amwagike. Alitaka kusema, akajizuia, akajipongeza kimoyomoyo kwa kujizuia.

Bosi akanyonya, akapunguza mwendo, akaachia. Taratibu akamfunga kwenye shuka. Alifunga bila haraka, kona moja, kona ya pili, akapitisha kidole kuhakikisha kifua hakikubanwa, akautazama mguu wenye kanula, akamalizia. Akamlaza kwenye kile kitanda chembamba cha mashine, akaweka vifuko vya mchanga kulia na kushoto. Mtoto alikuwa amefumba macho. Kelele za pumzi zikashuka, zikawa mkoromo mdogo. Taa zikapunguzwa, na chumba kizima kikawa kinamsikiliza yeye.

Na hapo Mama Tulia akafanya kosa ambalo hakuna mtu mwingine duniani angeweza kulifanya. Bila kukusudia, kwa mazoea ya miaka yote ya kusimama katika giza lile la chumba kile, akaanza kuimba midomo imefungwa.

Kwa watoto wa watu wimbo ule ulikuwa sauti ya mama asiyejulikana, laini, ya kulalia. Lakini Bosi aliujua. Bibi yake alimwimbia kila jioni kwenye beseni, akimrushia maji tumboni, na kwa Bosi wimbo ule ulikuwa na maana moja tu: kuoga, kucheza, na kupiga mateke. Kope zikafunguka. Akageuza shingo kutafuta sauti inakotoka, akamwona bibi yake, na akacheka kwa ufizi wote. Kisha akapiga teke, akakuta miguu imefungwa. Kicheko kikageuka kilio.

"Mama," alisema binti yake.

Bosi alilia kwa hasira ya mtu aliyedanganywa. Kiti kikaburutwa kifuani, midomo ikaanza kufifia rangi. Taratibu alikuwa ameshamwinua. Alimweka begani, wima, akamshika mgongo kwa kiganja kizima, hakumtikisa, hakumbembeleza kwa maneno, alisimama naye tu mpaka pumzi zikarudi mahali pake. Mama Tulia naye alikuwa amesimama, mikono mbele, ya kupokea.

"Nipe mimi," alisema. "Nampooza sasa hivi."

Taratibu hakumpa. Alimtazama mkuu wake usoni, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

"Mama, naomba utoke."

"Nitoke?"

"Ndiyo mama. Na usikae mlangoni. Uende mbali, asiisikie sauti yako."

"Hiki ni chumba changu," alisema Mama Tulia.

"Ni chako, mama," alisema Taratibu, na mkono wake haukuondoka mgongoni kwa mtoto. "Leo naomba utoke."

Tangu mashine ile ifungwe pale, hakuna aliyewahi kumwambia Mama Tulia atoke. Madaktari bingwa walibisha hodi. Alimtazama binti yake amtetee, na binti yake alikuwa anatazama sakafu. Damu ilimpanda kichwani. Jibu lilikuwa tayari mdomoni, jibu zuri, la kumrudisha mtu kwao. Kisha Bosi akakohoa begani mwa Taratibu, kikohozi kidogo kikavu, na Mama Tulia akaokota mkoba wake akatoka.

Alitembea ukumbi wote, akapita mapokezi, akapita dirisha la dawa, akatokea nyuma ya jengo ambako wafuaji huanika shuka za wodi. Hapo akasimama katikati ya kamba za nguo mbichi. Mfuaji mmoja alimwamkia, akaona uso wake, akasogea na beseni lake upande mwingine.

Alikuwa na hasira, na aibu, na zaidi ya yote alikuwa na woga. Aliogopa kama walivyoogopa wale wazazi wote aliowaambia kwa miaka na miaka kwamba wasiwe na wasiwasi. Alifikiria maziwa yaliyokwisha na mtoto aliyeamka, akajua kwa hesabu zake zote za kazi kwamba nafasi imepotea. Mtoto aliyeshiba halali tena kwa kumnyonyesha. Halafu akakumbuka lile ziwa la pili.

Alisimama pale na shuka ya mtu ikimpiga begani. Taratibu aliomba ziwa la pili litunzwe kabla hakujaharibika kitu. Alijua kwamba siku kama hii kitu huharibika. Yeye Mama Tulia, kwa umahiri wake wote, hakuwahi kufikiria kumwachia mtoto akiba, kwa sababu hakuwahi kufikiria kushindwa mara ya kwanza. Na zaidi ya hilo, yule binti alimtoa mkuu wake chumbani. Mama Tulia alirudi nyuma kichwani mpaka enzi za ujana wake, akawatazama wakuu wake mmoja mmoja, wenye sauti nene na wenye fimbo za maneno, akajiuliza ni nani kati yao angethubutu kumwambia atoke. Hakumpata hata mmoja. Angewaacha waimbe mpaka mtoto azimie.

Hasira ilimtoka yote. Mahali pake pakaingia kitu ambacho hakukitarajia, na alikitambua mara moja, kwa kuwa alikuwa nacho siku zote, ila siku zote kilikuwa kwa ajili yake mwenyewe: fahari.

Binti yake ndiye aliyekuja kumtafuta. Bosi alikuwa begani, bado amefungwa kwenye shuka kama kifurushi, mdomo wazi, analala.

"Alinyonya lile la pili, akalala palepale," binti alinong'ona. "Mimi nilikuwa na huyo dada nyuma ya kioo. Dawa ilipoingia alikunja uso kidogo tu, nikasema basi, anaamka. Hakuamka. Mashine ikapita mara moja, wakasema imetosha."

"Picha?"

"Daktari anaangalia. Hajasema kitu."

Mama Tulia hakukimbia, maana umri na cheo havikumruhusu, lakini wafuaji walimpisha. Chumba cha kusomea picha kilikuwa kimejaa. Daktari wa mionzi alikuwa amekaa mbele ya skrini, mpasuaji amesimama nyuma yake amekunja mikono, na Taratibu alikuwa kule mwisho karibu na mlango, kama mtu aliyekuja kuuliza njia.

Picha ilikuwa safi. Mama Tulia alikuwa ameona picha za watoto nyingi kuliko nywele zake, na hakuwahi kuona safi namna ile. Daktari wa mionzi aliizungusha polepole, na mshipa mkuu wa Bosi ukageuka mbele yao kama kitu cha kushikika. Ulipanda kutoka moyoni, ukagawanyika, matawi mawili yakapita huku na huku na kukutana nyuma. Katikati yao njia ya hewa ilikuwa imekuwa bapa kama mrija uliokanyagwa. Na jambo walilolitafuta lilikuwa wazi hata kwa mtu asiyesomea: tawi la kushoto lilikuwa nene, la kulia jembamba.

Mpasuaji akasogea karibu na skrini.

"Wengi wao tawi nene huwa la kulia," alisema. "Mimi nilikuwa ninajiandaa kufungua kushoto."

Kila mmoja alikuwa anaona upande ambao kifua cha Bosi kingefunguliwa bure. Mpasuaji akageuka, akamwona Mama Tulia mlangoni, na uso wake ukachangamka.

"Nilijua tu," alisema. "Mkono wako naufahamu hata bila kuambiwa, mama. Asante sana."

Wote wakamtazama. Kwa miaka yote alikuwa amezizoea sifa, alijua namna ya kuzipokea, kichwa juu kidogo, kana kwamba zimechelewa. Akasogea kando ya mlango, ili Taratibu asibaki nyuma yake.

"Si mkono wangu, daktari. Ni wake huyu. Mimi leo ni bibi wa mgonjwa tu, tena nilifukuzwa chumbani, na nilistahili."

Daktari wa mionzi aliangua kicheko, mpasuaji akacheka pia bila kujua anacheka nini, na Taratibu akainamisha kichwa akaanza kuzikagua kucha zake. Mama Tulia alimshika mabega kwa mikono miwili akamsogeza mbele, kwenye mwanga wa skrini, mahali alipokuwa akisimama yeye.

Wiki iliyofuata Bosi alifunguliwa kifua upande wa kulia. Ilikuwa asubuhi ndefu. Binti alilia, mkwe, baba yake Bosi, akanunua chai ambazo hakuna aliyezinywa, na Mama Tulia alikaa ameukumbatia mkoba wake bila kuimba chochote. Mpasuaji alipotoka, barakoa ikining'inia shingoni, aliwaambia kwamba mambo yalikuwa palepale picha ilipomwonyesha, hakuhangaika kutafuta. Tawi jembamba limekatwa, pete imefunguka, na walipolikata tu koromeo lilitanuka mbele ya macho yao. Mtoto ataendelea kukoroma kwa muda, kwa kuwa njia iliyobanwa siku nyingi haiwi imara kwa siku moja, lakini hakuna tena kinachomkaba.

Binti na mkwe wakakumbatiana. Mama Tulia aliwaacha hapo. Kulikuwa na mtu ambaye ilikuwa haki yake kusikia habari ile mapema, na aisikie kutoka kwake.

Alipofika chumba cha skani, taa nyekundu ilikuwa inawaka juu ya mlango. Taa ile huwaambia watu kwamba ndani kuna kazi, wasubiri. Haikuwahi kumhusu yeye. Alinyoosha mkono kwenye kitasa, akaona ni heri auteremshe, akaketi kwenye benchi la wazazi. Lilikuwa gumu kuliko alivyodhani, na akakumbuka kwamba hakuwahi kulikalia.

Pembeni yake palikuwa na mwanamke kijana, kitoto chake kimefungwa mgongoni, anakitikisatikisa ingawa kilikuwa kimetulia. Alikuwa na wasiwasi hata jasho lilimtoka puani. Alimtazama mama huyu mwenye kilemba, akamwona mtu mzima, akajipa moyo kumuuliza.

"Samahani, mama. Huyu dada aliyemo ndani, watoto anawaweza? Wameniambia kuna mama mmoja hodari sana, lakini leo hayupo."

Mama Tulia alivuta pumzi. Angeweza kumwambia mambo mengi, na yote yangekuwa kweli.

"Mjukuu wangu alipita mikononi mwake," alisema. "Sasa hivi ametoka kupasuliwa, mzima. Na mimi mwenyewe huyo dada alinitoa nje."

"Alikutoa nje? Mtu mzima kama wewe?"

"Alinitoa," alisema Mama Tulia, na alilisema kwa sauti iliyowafikia hata waliokaa benchi la pili. "Na wewe, mwanangu, akikwambia utoke, toka."